Tunabishana Juu ya Developa, Tunaisahau Fiksa

Wapenzi wa filamu nyeusi na nyeupe wanaosafisha picha zao wenyewe nyumbani hawachoki kubishana juu ya developa, yaani dawa ya kwanza inayoitoa picha kwenye filamu. Yupo anayeiapia D-76, iliyotoka kwa Kodak katika miaka ya 1920, na yupo asiyetaka kusikia lolote isipokuwa Rodinal, ambayo hataza yake ni ya mwaka 1891. Mabishano hayo yana utamu wake, lakini kwa maoni yangu yanazungukia mahali pasipo na hatari kubwa, kwani developa yoyote ya kawaida, ikitumiwa katika nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, itatoa negativu, yaani filamu yenye picha iliyogeuzwa mwanga na kivuli, inayochapika vizuri.

Hatari imejificha kwenye fiksa. Developa hugeuza kuwa fedha halisi zile tu chembe za chumvi ya fedha zilizopigwa na mwanga. Zilizosalia hubaki ndani ya filamu, na ni fiksa inayoziyeyusha na kuziondoa. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba tiosulfati, kemikali iliyo kiini cha fiksa, huyeyusha chumvi za fedha, na miaka 20 baadaye ugunduzi huo ndio uliowezesha picha kustahimili mwanga. Fiksa iliyochoka huifanya kazi hiyo nusunusu, na mara nyingi haimpi mtu dalili yoyote: filamu huanikwa ikiwa safi machoni, ikahifadhiwa, kisha baada ya miaka ikaanza kuingia madoa ya manjano ambayo hakuna developa, hata iwe ya kifahari namna gani, ingeweza kuyazuia.

Kinachonishangaza ni kwamba kuipima fiksa ni rahisi mno, tena hufanyika mchana kweupe. Kata kipande cha ncha ya filamu, ile inayotupwa, ukidondoshee tone moja la fiksa, usubiri nusu dakika, kisha ukitumbukize chote. Tone litakuwa limeacha duara angavu. Hesabu muda hadi kipande kizima kiwe angavu sawa na duara hilo, hata lisiweze kutofautishwa tena, kisha uuzidishe mara mbili, nao ndio muda wa kuiacha filamu yako ndani ya fiksa. Siku muda wa kipande kuwa angavu utakapofikia maradufu ya ule wa fiksa mpya, dawa hiyo imekwisha, hata kama chupa imejaa.

Kuisuuza filamu baada ya fiksa hakuhitaji bomba lililoachwa wazi: utaratibu wa Ilford, watengenezaji wa filamu, wa kubadilisha maji mara tatu, ukipindua tanki la kusafishia filamu mara 5, kisha 10, kisha 20, unatosha kwa fiksa isiyokuwa na kigumishi, yaani dawa ya kuukaza utando wa filamu.

Fiksa iliyotumika haimwagwi mtaroni, maana imebeba fedha iliyoyeyuka ambayo hudhuru viumbe wa majini. Ikusanywe kwenye dumu na kukabidhiwa kwa wanaoshughulikia taka za kemikali. Anayeona huo ni usumbufu mno, namshauri filamu zake aendelee kuzipeleka maabara.