Haya si ya kumalizwa jumuiyani

Kila Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajashuka kwenda sokoni, jumuiya yetu huku milimani Mwanza husali nyumba kwa nyumba. Tunajuana. Tunajua nani anauguza Bugando, nani mumewe yuko Ukerewe kwenye dagaa, nani amekwama ada. Ndiyo maana jambo hili linaniuma hadi leo.

Mama mmoja alibaki baada ya sala. Binti yake wa darasa la nne alikuwa amegoma kwenda mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na mama akatueleza sababu: aliyokuwa akitendewa na mwalimu wa mafundisho. Wazee wakamwambia, "Mama, tuyamalize hapa hapa, tusilichafue Kanisa." Yule mwalimu akahamishiwa kigango kingine. Mtoto hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi nilikuwa katibu, nikaandika daftarini: "Limesuluhishwa." Ni mwandiko wangu.

Suluhu ni ya mpaka wa shamba, au ya deni. Aliyemdhuru mtoto ukimhamisha, umempelekea watoto wengine, tena wasio na habari naye.

Na Kanisa lenyewe limeshasema. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa Vos estis lux mundi, sheria ya Kanisa kuhusu unyanyasaji wa kingono: kila jimbo liwe na njia ya wazi ya kupokea taarifa, padre au mtawa anayejua alazimike kuripoti, na anayeripoti asifungwe mdomo. Mwaka 2023 sheria hiyo ikawa ya kudumu. Serikali nayo, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali ya mtaa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, simu ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, ni ya bure.

Wengine huniuliza, "Je, akisingiziwa?" Swali la haki kabisa. Lakini jumuiya si mahakama, haiwezi kumtia mtu hatiani wala kumsafisha. Wapo wenye kazi ya kuchunguza, na hata huyo anayesingiziwa hao ndio watakaomtoa kwenye minong'ono.

Tusiwasahau watu wazima wasioweza kujitetea. Bibi asiyeona anayeletewa Komunyo nyumbani, kijana mwenye ulemavu wa akili anayefagia kanisa kwa sahani ya chakula: nani huwauliza wanatendewaje? Sisi wa Usukumani, tulioona vikongwe wakiitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Siku hizi naomba 116 isomwe kwenye matangazo ya jumuiya. Wapo wanaonuna. Naisoma mwenyewe.

Yule mama alihama kabla ya Noeli. Kwenye orodha ya mafundisho jina la binti yake bado lipo, na tangu juma lile halina tiki hata moja.