Pilipili ikishaingia chunguni: kwa nini bado natumia Gentoo

"Kaka, hii kompyuta yako bado inapika?"

Hiyo ndiyo salamu ya mdogo wangu kila akiamka na kukuta herufi zinakimbia kwenye kioo tangu usiku. Neno "kupika" alilianzisha yeye kwa kunikejeli, nami nimelichukua moja kwa moja, maana "kukompaili" halina ladha. Humjibu, "Bado kidogo." Kidogo hicho kinaweza kuwa saa nne.

Kwa asiyejua: Ubuntu, Debian, Fedora na distro nyingine nyingi za Linux, yaani mifumo ya uendeshaji iliyojengwa juu yake, hukuletea programu zikiwa zimeshaiva. Unashusha, unasakinisha, unaendelea na maisha. Gentoo kwa asili yake hukuletea msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya watengenezaji, na mashine yako ndiyo inayoyageuza kuwa programu; ndiko kukompaili. Daniel Robbins, aliyeianzisha, aliiita kwanza Enoch, kisha akaipa jina la pengwini anayesifika kwa mbio za majini. Toleo la 1.0 lilitoka Machi 2002. Kazi nzima inasimamiwa na Portage, na amri utakayoiandika mpaka vidole viizoee ni `emerge`.

Jina hilo la pengwini ndilo lililotuponza. Wengi tuliingia kwa kufuata kasi. Unaandika `-march=native` kwenye faili la mipangilio, ukiiambia kompaila itumie kila amri ambayo prosesa yako inaijua, kisha unasubiri mashine ipae. Haipai. Ni kweli kwamba Debian hujenga vifurushi vyake viendeshwe hata na prosesa kongwe za biti 64, kwa hiyo amri mpya nyingi huachwa. Lakini programu nzito kama ffmpeg, ile ya kugeuza video na sauti, huikagua prosesa zikiwa tayari zimewashwa na kujichagulia njia ya mkato zenyewe. Faida inayobaki mimi sijawahi kuihisi. Ukikesha saa sita ukipika kivinjari ili kifunguke nusu sekunde mapema, hesabu piga mwenyewe. Mtu akikwambia anatumia Gentoo kwa ajili ya kasi, msamehe, bado mgeni.

Kilichonishika mimi ni alama ya kutoa.

Kwenye Gentoo kuna flegi za USE. Unaandika mstari kama `USE="-cups -bluetooth -gnome"`, na kila neno hapo ni kipande cha hiari ambacho programu zinaweza kuwa nacho; cups, kwa mfano, ni cha kuchapa kwa printa. Ukitanguliza alama ya kutoa, kipande hicho hakikompailiwi, na maktaba za msimbo zilizohitajika kwa ajili yake tu haziji. Hakijazimwa kwenye menyu fulani. Hakimo. Distro ya vifurushi vilivyoiva haiwezi kumfanyia hivyo kila mtu hata ikitaka, kwa sababu inapikia umati: huyu ana printa, yule ana spika za Bluetooth, mwingine anataka vyote, basi vyote vinatiwa chungu kimoja. Na pilipili ikishaingia chunguni, huwezi kumwomba mpishi aitoe kwenye sahani yako peke yake. Wakati wa kusema "mimi sili pilipili" ni kabla ya moto, na kukompaili ndio huo wakati.

Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba inayosimba mawasiliano ya mtandaoni, seva nyingi duniani zilikuwa zinavujisha kumbukumbu. Kasoro ilikaa katika kipengele cha heartbeat, ambacho wengi wetu hatukujua hata kama kipo. Gentoo ilikuwa na flegi yake, `tls-heartbeat`. Aliyekuwa ameiondoa hakuguswa.

Nasimulia hili kwa tahadhari, maana wapo wanaoligeuza kuwa hirizi: eti ukikompaili mwenyewe, uko salama. Wapi! Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, zana ya kubana mafaili, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Hila ile ilikuja ndani ya furushi lenyewe la msimbo chanzo. Ungeishusha na kuikompaili kwa mkono wako huku ukijipongeza. Iliyotuokoa ni kwamba ililenga vifurushi vya deb na rpm, vya akina Debian na Fedora, basi. Na tusidanganyane, nani kati yetu anausoma msimbo wote anaoupika? Mimi sijamaliza hata ule wa Portage, ambao umeandikwa kwa Python na unasomeka.

Gharama nazo si za kuficha. Laptop yangu ni ya mtumba, RAM gigabaiti 4, kori mbili. Kitabu cha mwongozo cha Gentoo kinashauri gigabaiti 2 za RAM kwa kila kazi inayokwenda sambamba. Mimi, mjuaji, niliweka `-j4`, yaani kazi nne kwa mpigo, nikalala. Asubuhi nikakuta kioo kimeganda, kipanya hakisogei, na kifurushi kimefia katikati. Umeme ukikatika na betri ikaisha ni yale yale: Portage inakumbuka orodha, lakini kifurushi kilichokuwa jikoni kinaanza upya. Halafu kuna bando. Msimbo chanzo wa Chromium peke yake unazidi gigabaiti 1, wakati programu iliyoiva ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Desemba 2023 Gentoo wenyewe walianza kutoa vifurushi vingi vilivyoiva kwa prosesa za aina ya amd64 na arm64. Wapo watakaoona huo ni usaliti. Mimi nilishangilia. LibreOffice sikompaili tena. Utaratibu wake umenipendeza: flegi zako zikilingana na zao, unapakuliwa kilichoiva, ukitaka tofauti, jiko linawashwa. Saa za kusubiri ninazilipa pale tu nilipo na la kukataa.

Na kukataa kuna siku kunakurudia. Wiki iliyopita mdogo wangu alinijia na barua ya maombi ya kazi.

"Kaka, nichapie hii mara moja."

Nikakumbuka `-cups`. Mashine yangu haijui printa ni mdudu gani. Nikafuta ile alama ya kutoa, nikaandika `emerge`, Portage ikaniorodheshea vifurushi vya kujenga upya, nikamwambia asubiri kidogo. Alinitazama, akachukua flashi yake, akatoka. Alirudi kutoka steshenari na barua ndani ya bahasha, akaegemea mlango kuangalia herufi zinavyokimbia.

"Bado inapika?"

"Bado kidogo."