Printa ya Shangazi na Kifurushi Hewa

Steshenari ya shangazi iko Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la mwaloni. Ukisahau rimu ya karatasi nje kwa muda, utachapa barua inayonuka dagaa. Wateja wake ni wachuuzi wa samaki, wanafunzi, na viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe) kutoka mialoni ambao hawaishiwi mihtasari ya vikao. Ana kompyuta yenye Debian 12, aina mojawapo ya Linux, ana printa mpya ya kujaza wino kwa chupa, na ana kijana wa kazi ambaye mtaa mzima unamwita Injinia. Cheti hakuna aliyewahi kukiona.

Siku ya mkasa shangazi alinipigia bila hata salamu. "We mtoto wa kaka, njoo haraka. Injinia anaitibu kompyuta, na kila akiitibu inazidi kukonda."

Nikamkuta mzee mmoja wa Ukerewe kwenye benchi, flashi mkononi, anasubiri nakala tatu za muhtasari awahi meli ya mchana ya Nansio. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Injinia yeye alikuwa anatokwa jasho.

"Kaka, hii mashine ina majini. Draiva ya printa nainstoli, inaingia vizuri kabisa, halafu inatoweka yenyewe."

Draiva haitoweki yenyewe. Debian huandika kila kinachoingia na kutoka kwenye `/var/log/dpkg.log`, na ukitaka kuona amri zilizopitia apt, kisakinishi chake cha programu, unafungua `/var/log/apt/history.log`. Nikafungua la kwanza. Draiva imewekwa, imeondolewa, imewekwa, imeondolewa, mpaka chini ya ukurasa. Jini lilikuwa linatumia akaunti ya Injinia.

Alichokuwa anafanya ni hiki:

sudo dpkg -i draiva.deb
sudo apt --fix-broken install

Amri ya kwanza haijui kutafuta vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo kifurushi chako hakifanyi kazi bila hivyo. Inafungua kifurushi, inamwaga mafaili mahali pake, halafu ndipo inalalamika kwamba kuna kitu kinakosekana, na inaacha kazi nusu. Ukiandika `dpkg -l` utaona kifurushi kina `iU` pembeni badala ya `ii`: kimefunguliwa, hakijasanidiwa. Amri ya pili ndiyo inayoonekana ya huruma. Inatafuta kinachokosekana, na ikikikosa inamaliza tatizo kwa njia iliyobaki, yaani kumwondoa mlalamikaji, kama mwenye nyumba anayemaliza ugomvi wa kodi kwa kumtoa mpangaji nje na godoro lake. Wala haifichi. Inaandika kwa herufi kubwa kwamba vifurushi vifuatavyo vitakuwa REMOVED, inataja jina la draiva, inauliza Y au n. Injinia alikuwa anabonyeza Enter kabla swali halijafika mwisho.

"Sasa kinachokosekana ni nini?" shangazi akauliza.

Draiva ilikuwa inadai kitu kinaitwa `lsb`, toleo la 3.2 au zaidi. Nikaandika `sudo apt update` nione kama ghala, yaani hazina ambamo apt huchukua vifurushi, linacho. Mashine ikajibu kwamba ghala lake ni CD ya Debian 12, na kwamba itumike `apt-cdrom` ili CD hiyo itambulike.

Kabla sijafungua mdomo, shangazi alishainama chini ya kaunta. "CD zipo!" Akaibuka na kasha lenye vumbi la kwaya ya Pasaka. Injinia akalipokea kwa heshima zote, akaanza kuizunguka kompyuta akitafuta mlango wa CD, mlango ambao kompyuta hiyo haijawahi kuwa nao.

Hili huwapata wengi wanaosakinisha Debian kutoka kwenye flashi bila intaneti. Msakinishaji anaamini ametoka kwenye diski, na faili la `/etc/apt/sources.list` linabaki na mstari mmoja wenye maana, unaoanza na `deb cdrom:`. Hapo apt haijui ghala lingine duniani. Dawa ni kuweka alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari huo ili usisomwe, na chini yake kuandika:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free-firmware

Kisha `sudo apt update` tena. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, orodha zikashuka. Kwaya ikarudi kabatini.

Ila `lsb` haikuwepo bado. Nilipoandika `apt policy lsb`, kwenye Candidate kulikuwa na `(none)`, na hapo ndipo pa kutenganisha magonjwa mawili yenye dalili moja. Kuna kifurushi kilichopo ila apt haijaelekezwa ghalani, na kuna kifurushi ambacho ghala lenyewe halina. Sisi tulikuwa na yote mawili. Linux Standard Base, kwa kifupi LSB, yalikuwa makubaliano ya kufanya programu moja iendeshwe kwenye Linux za kila aina, na Debian iliacha kuyafuata mwaka 2015. Kilichobaki Debian 9 ilipotoka mwaka 2017 ni masalia tu. Waliotengeneza draiva yetu, nadhani, hawakupata taarifa.

"Hiyo mimi ninayo," Injinia akasema, akachomoa flashi. Alikuwa ameshusha `lsb-core` ya Ubuntu ya zamani, Linux nyingine. Kabla sijamzuia, `dpkg -i` ikapita.

Orodha ya madai ilishuka kama ya mahari, nisiongeze neno. Ilitaka `m4`. Ilitaka `pax`. Ilitaka `bc` ya mahesabu, `at` ya kupanga kazi za baadaye, `alien` ya kugeuza vifurushi vya Linux nyingine. Halafu ikataka seva ya kutuma barua pepe.

Shangazi alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. "Barua pepe ya nini? Mimi natoa kopi!"

Nikamweleza kwamba makubaliano yale yalitaka kila mashine iwe na amri ya `sendmail`, itumike isitumike. Na waliochoka na sharti hilo walitengeneza kifurushi kinaitwa `lsb-invalid-mta`, ambacho kazi yake ni kuwa `sendmail` inayokataa kila barua unayoipa. Kipo, kimeajiriwa, hakifanyi kitu.

"Kama wafanyakazi hewa," mzee wa Ukerewe akasema kutoka kwenye benchi.

Mzee alikuwa amegusa penyewe, kwa sababu dawa ya lile dai la draiva ni hiyohiyo. Injinia yeye alipendekeza tuongeze ghala la Ubuntu kwenye sources.list tupate kila kitu. Nikamwondoa kwenye kibodi. Ukichanganya maghala ya mifumo miwili, ipo siku apt italeta `libc6` au maktaba nyingine ya msingi isiyolingana na wenzake, na hapo huzungumzii printa tena, unatafuta flashi ya kusakinisha upya. Akaja na wazo la `--force-depends`. Hilo linaingiza draiva kwa nguvu, ila kuanzia dakika hiyo apt inagoma kusakinisha kitu kingine chochote mpaka uitengeneze, na kuitengeneza ni ile amri ya kumtoa mpangaji.

Tukaanza kwa kusafisha. Nikaacha `apt --fix-broken install` iondoe draiva na ile `lsb-core`, safari hii kwa kusoma na kukubali. Kisha:

sudo apt install equivs
equivs-control lsb

Programu ya equivs inatengeneza vifurushi hewa: vina jina na toleo, ndani hamna kitu. Huwa inakuja na msafara wa zana za wajenzi wa vifurushi, na bando langu likakata mara tu ulipomaliza kuingia. Nikamwachia Injinia maagizo: fungua faili la `lsb`, kwenye Package andika `lsb`, kwenye Version andika `4.1`, halafu endesha `equivs-build lsb`. Nikaenda kibandani kununua bando.

Niliporudi alikuwa amesimama kifua mbele. Kifurushi kimejengwa. Tukasakinisha, safari hii kwa apt na ile nukta na mkwaju mbele ya jina, kwa maana bila hizo apt inadhani unataja kitu cha ghalani:

sudo apt install ./lsb_1.0_all.deb ./draiva.deb

Ikakataa. Draiva inataka `lsb` 3.2 au zaidi, iliyoletwa ni 1.0. Uzuri wa kupitisha faili kwa apt ni kwamba hukataa mlangoni kabla haijavuruga chochote. Jina la faili lenyewe lilikuwa linasema 1.0, na wote tulikuwa tumelitazama. Injinia aliapa ameandika 4.1, na kweli aliandika. Ila kwenye kiolezo cha equivs mistari mingi inaanza na alama ya reli, na yeye hakuifuta, kwa hiyo toleo lake lilisomwa kama maoni binafsi na equivs ikaweka 1.0 yake ya kawaida.

"Mfanyakazi hewa kwa cheti cha mwaka wa nyuma," mzee akasema. Alishaanza kufurahia.

Reli ikafutwa, kifurushi kikajengwa upya, vyote viwili vikaingia kwa `ii`. Shangazi akapiga vigelegele. Mzee akasimama. Injinia akabonyeza Print.

Filter failed.

Akabonyeza tena. Mimi nikaenda kwenye `/opt` inakokaa draiva nikatafute hiyo programu ya kuchuja (filter), inayogeuza kazi iwe lugha ya printa. `ls -l` inaionyesha, ina ukubwa wake, ina ruhusa ya kuendeshwa. Nikaiendesha kwa mkono, mashine ikajibu: No such file or directory. Faili liko mbele ya macho, na kompyuta inasema faili halipo.

"Si nilisema majini!" Injinia akapaza sauti, na kwa mara ya kwanza nikaona shangazi anayumba kiimani.

Ujumbe huo unadanganya kidogo. Faili lisilopo si lile uliloliita, ni kipakiaji, yaani programu ndogo ya mfumo ambayo faili hilo linaihitaji ili lianze. Lingekuwa suala la maktaba ya kawaida iliyokosekana, `ldd` ingeitaja kwa `not found`, na `apt-file search` ingekuambia imo kwenye kifurushi gani. Kwa kipakiaji unauliza hivi:

readelf -l faili | grep interpreter

Jibu: `/lib64/ld-lsb-x86-64.so.3`. Jina hilo ni la kile kipakiaji cha kawaida cha Linux kwa utambulisho wa LSB, na kifurushi cha zamani kilikuwa kinaweka kiungo tu cha kuelekeza jina moja kwa jingine. Mahari yote ile, sisi tulichohitaji ndani yake ni mstari huu:

sudo ln -s ld-linux-x86-64.so.2 /lib64/ld-lsb-x86-64.so.3

Nikaendesha programu tena, ikaanza. Nikamwambia Injinia printa imesimamishwa na CUPS, mfumo unaosimamia uchapaji kwenye Linux, kwa hiyo aanze na `cancel -a` kufuta foleni, kisha `cupsenable` na jina la printa, ndipo achape upya. Mpangilio huo una sababu yake. Kazi zilizokwama haziendi popote, zinakaa kwenye foleni, na tangu asubuhi Injinia alikuwa anabonyeza Print kila akiishiwa la kufanya.

Akaanza na `cupsenable`.

Printa ikakohoa, ikavuta karatasi. Nakala tatu za muhtasari zikatoka safi, mzee akazipokea kwa mikono miwili, akazikunja. Zikatoka nyingine tatu. Ukatoka ukurasa wa majaribio. Zikatoka tatu tena, na nyuma yake ukurasa wa majaribio mwingine.

"Mama," mzee akasema, "mimi niliomba tatu."

Shangazi alikuwa anaokota karatasi kwa kasi, anazipanga, midomo inahesabu. "Baba, kikundi chenu kina wanachama wangapi?"

"Sitini na kitu."

"Basi hazijatosha hata robo. Injinia, usiguse hiyo swichi!"