Kuku wa embe, si wa jamu ya chupa

Jana jioni nilimkuta shoga yangu mmoja supamaketi hapa Malindi, amesimama mbele ya rafu ya jamu, chupa ya aprikoti mkononi, anaitazama bei na kuirudia tena. Ameletewa sufuria ya umeme, zile za kupika polepole, na kijitabu kilichokuja nayo kinamwambia kuku wa matunda ni jamu ya aprikoti, paketi ya supu ya vitunguu na sosi ya saladi. Hatua chache nje ya mlango ule ule, mama mmoja alikuwa ametandika gunia, kapanga maembe mafungu mafungu, ngowe na apple, mengine yameshaanza madoa meusi kwa kukosa mnunuzi. Niliudhika, na mpaka sasa sijapoa.

Sikuudhishwa na sufuria. Sufuria naipenda na ninayo. Kinachoniuma ni sisi tuliolala chini ya miembe kuamini kwamba tunda likitiwa kwenye kuku lazima litoke dukani, tena liwe limeshachemshwa na mtu mwingine.

Wamarekani waliobuni mapishi hayo nawaelewa. Mwaprikoti unataka baridi kali ndipo uzae, na kwao baridi ipo. Jamu imo kabatini mwaka mzima, nje theluji, basi mtu anafungua chupa, anamwagia kuku, anakwenda zake kazini. Ni akili nzuri kwa mahali pale. Lakini jamu ni sukari zaidi ya nusu. Ukiimwaga juu ya kuku unapata utamu mtupu, ndiyo maana wanaongeza sosi ya saladi, ili siki iliyomo iukate. Sisi tuna embe lenye utamu na harufu yake, tuna ukwaju wa kuukata utamu huo, na vyote viwili vinauzwa sokoni kwa bei ambayo haifikii chupa ile.

Na si suala la ladha peke yake. Kila msimu, ukitoka hapa kuelekea Magarini, utaona maembe yameanguka yanaozea chini ya miti. Broka anakuja na lori, anataja bei anayotaka, na mkulima anakubali kwa sababu embe haliwezi kumngoja mnunuzi mwingine. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mpaka yalipoanza kwenda tena 2021, miaka ilikuwa imepita. Hatuwezi kumsaidia mkulima kwa soko la Ulaya peke yake. Jikoni kwetu pia ni soko. Nyumba inayotumia maembe manne kwa kuku mmoja wa Ijumaa ni mnunuzi, na nyumba za namna hiyo Malindi zinaweza kuwa nyingi sana tukitaka.

Sasa nieleze ninavyopika, maana maneno bila kuku hayashibishi.

Chukua mapaja, si kidari, maana kidari hukauka. Vua ngozi, kwa sababu humo ndani haikauki wala haigeuki rangi, inabaki laini na mafuta yanaelea juu. Kama kuku alikuwa friza, myeyushe usiku kucha ndani ya friji. Ukimtia na barafu yake atakaa vuguvugu muda mrefu kabla ya kushika moto, na hapo ndipo vijidudu vinapozaana. Tandika vitunguu maji chini, panga kuku juu, tia tangawizi na thomu vilivyotwangwa, chumvi, kijiti cha mdalasini, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua. Saga maembe mawili yaliyoiva, changanya na ukwaju mzito uliokamuliwa, mwagia. Maji usitie hata tone. Mvuke hautoki mle, na kuku mwenyewe atatoa maji ya kutosha.

Funika, moto mdogo, kwa muda wa saa sita. Ukiwa na haraka, moto mkubwa, saa tatu na nusu mpaka nne. Na uache kufunuafunua! Kila ukiinua kifuniko joto linatoka, na sufuria hii hairudishi joto upesi.

Ukirudi nyumbani, mtoe kuku, mimina mchuzi wote kwenye sufuria ya kawaida, uweke kwenye gesi bila kufunika. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, kwa sababu mchuzi ni mwepesi na rangi imefifia. Uchemke, koroga, mpaka ukiinua mwiko unaushika na kudondoka kwa uzito. Ndipo utie embe la tatu na la nne, nayo yamesagwa, na ndimu. Lile la asubuhi limeshampa kuku utamu lakini harufu yake imekwenda na saa sita za moto. Hili la mwisho ndilo linaloirudisha. Chemsha dakika chache tu, mrudishe kuku, mgeuzegeuze mpaka ang'ae.

Nanasi lisilopikwa na papai usiviweke asubuhi. Vinavunja nyama, utakuta kuku amekuwa uji.

Wazee watasema kuku bila makaa si kuku, na hapo nakubali nusu. Harufu ya kuku wa kupaka aliyechomwa juu ya makaa sufuria ya umeme haiifikii. Lakini weka kibakuli cha chuma katikati ya kuku wako, tia kaa moja la moto, dondoshea samli, funika dakika tano. Moshi ule utamwingia, nao wazee watakula.

Stima ndiyo hoja ya kweli. Ikipotea ukiwa nyumbani, hamishia gesi umalizie. Ukirudi ukakuta ilikatika na hujui tangu saa ngapi, mwage kuku huyo, hata ukiumia. Bili isikutishe: sufuria ya wati 200 kwa saa sita inakula uniti moja na kidogo.

Wanaosema haya ni mapishi ya wavivu sina muda nao. Mwalimu anayetoka alfajiri na kurudi magharibi ana haki ya kukuta chakula kimeiva.

Na kuku wa kienyeji je? Anafaa, tena ana ladha zaidi, ila mpe saa nane na umkate vipande vidogo.

Najua nitakaloambiwa: maembe hayapo mwaka mzima. Ni kweli, lakini leo yapo, na ni rahisi. Nunua ndoo kwa yule mama wa nje, si moja moja, na yale yenye madoa usiyaache, katakata pabaya tu. Menya, saga, tia kwenye mifuko vikombe viwili viwili, ulaze friza yakiwa bapa ili yapangike. Septemba ikifika na sokoni hakuna kitu, utavunja kipande, utie ukwaju, na kuku wako ataendelea.