Mjukuu wa Kuazima

Kikundi chetu cha kusoma vitabu kimegawanyika juu ya kijana mmoja, Ludo, na mpaka tunaagana hakuna upande uliolegeza. Riwaya yenyewe ni Mrs Palfrey at the Claremont ya Elizabeth Taylor, mwandishi wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1971. Bi Palfrey, mjane aliyewahi kuishi Burma enzi za ukoloni, anahamia hoteli moja ya London wanamoishi wazee wenzake. Anawasimulia habari za mjukuu wake Desmond, anayefanya kazi British Museum, kwamba atakuja kumjulia hali. Desmond haji. Siku moja bibi anaanguka njiani, Ludo anamwingiza chumbani kwake, anamsafisha jeraha la goti na kumpa chai. Bibi anamwalika chakula cha jioni hotelini, na mbele ya wazee wale Ludo anakuwa Desmond.

Wanaomlaumu Ludo wana ushahidi mzito. Ni mwandishi chipukizi anayetafuta kisa. Bibi hajafika mbali, kijana keshachukua daftari na kuandika: mishipa ya miguuni, harufu ya lavenda, madoa ya mikononi. Mwili wa mtu aliyetoka kumhurumia umeshageuka malighafi, na mwenyewe hakuulizwa. Wanaomtetea wanajibu kwa neno moja: alikuja. Bibi alipolazwa hospitalini, alikuja tena.

Mimi nipo na watetezi. Ila naona pande zote mbili zimemkodolea macho kijana zikasahau ukumbi wa hoteli. Pale wazee wanahesabiana wageni, na asiyetembelewa anaonewa huruma ya kichinichini inayouma kuliko tusi. Ndiyo maana Desmond wa kweli anapotokea, bibi, badala ya kufurahi, anahangaika kumwondosha asije akaonekana. Damu yake imefika mlangoni naye anaificha! Kwangu huo ndio ukurasa mkubwa wa kitabu: kinachomtafuna zaidi ya kukosa watu ni kujulikana kwamba hana watu.

Wapo waliosema hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu mzee hakai hotelini. Kweli hakai. Lakini muulize mama mzee habari za wanawe walioko mjini: "Hawajambo, kazi tu zimewabana, juzi walipiga simu." Juzi hiyo huenda ina miezi, na majirani wanajua, wanaitikia tu. Kenya inawapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, na Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Hela ya unga ni jambo kubwa, wala sibezi. Bado haimwondolei mama yule haja ya kuwatetea wanawe kabla hawajashtakiwa.

Hoja iliyonikaba ilitoka kwa mwalimu mstaafu wa kikundini. Alisema, kama ugonjwa ni aibu, basi Ludo aliuongeza, kwa sababu tangu jioni ile bibi alilazimika kuulinda uongo mbele ya watu wenye kidonda kilekile. Meza ya pili alikaa mzee ambaye naye hakuwa na mgeni, na sasa hawakuweza kuambizana. Hapo watetezi tulinyamaza. Namshukuru Ludo kwa kuja, lakini kwa hili sijapata jibu la kumtetea.