Jani la Muhogo na Mwanafunzi Anayetaka Kusoma Kompyuta

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa, wazazi huuliza swali lile lile: mtoto akisoma kompyuta, atapata kazi? Miaka michache iliyopita sisi walimu tulijibu ndiyo bila kusita. Siku hizi swali limeongezeka uzito, kwa kuwa mzazi amekwisha kusikia kwamba akili mnemba inaandika programu yenyewe, na anataka kujua kama bado kuna sababu ya kulipa ada ya miaka mitatu au minne kwa ajili ya ujuzi ambao mashine tayari inao. Ni swali la haki. Msimamo wangu ni kwamba kazi ya kompyuta inayowahitaji vijana wetu zaidi ni ile inayogusa mambo ambayo mtu aliye mbali hawezi kuyajua vizuri, yaani mimea yetu, magonjwa yetu na lugha zetu, na kwamba shule nyingi bado hazimwandai mwanafunzi kwa kazi hiyo.

Nitachukua mfano wa muhogo, kwa sababu utafiti wake umefanyika huku kwetu na matokeo yake yamechapishwa wazi. Muhogo wa Afrika Mashariki unasumbuliwa na magonjwa mawili makubwa ya virusi ambayo huenezwa na inzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapopanda pingili zilizokwisha kuambukizwa. Batobato hujionyesha mapema: majani hupata mabaka ya njano, hujikunja na mmea hudumaa. Michirizi kahawia, ambao mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa katika kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara, ni mgumu zaidi kuutambua. Mmea unaweza kusimama vizuri shambani, majani ya chini yakiwa na umanjano kidogo kandokando ya vishipa, jambo ambalo mkulima hulichukulia kuwa ni uzee wa jani tu. Siku ya kuvuna anaukata muhogo na kukuta ndani umeoza kwa mabaka makavu ya rangi ya kahawia. Kufikia hapo huenda amekwisha kuwagawia majirani pingili za shina lile lile.

Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha 2,756 za majani ya muhogo, zilizopigwa kwa kamera ya kawaida katika mashamba ya majaribio ya taasisi ya kilimo ya IITA nje kidogo ya Bagamoyo. Waliifundisha kompyuta kutofautisha jani lisilo na ugonjwa, jani lenye batobato, lenye michirizi kahawia, lenye madoa na lililoshambuliwa na utitiri, na walipoipa picha ambazo haikuwahi kuziona ikapatia kwa asilimia 93. Habari nyingi za akili mnemba tunazosoma huishia kwenye asilimia ya namna hii, na msomaji hubaki akiamini kwamba tatizo limekwisha.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Waliiweka mashine hiyo ndani ya simu, wakaenda nayo shambani hapa Tanzania na kuijaribu kwenye vijani 720, yaani vile vipande vidogo vinavyounda jani moja la muhogo, vilivyokuwa na ugonjwa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019, alama yao ya kupima usahihi ilishuka kwa asilimia 32 hata kwa vijani vyenye dalili za wazi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mashine ilivipita vijani vyenye ugonjwa bila kuvitambua. Mwanga wa shambani hautabiriki, mikono ya watu hushika simu kwa pembe tofauti, na jani moja hulifunika jingine. Kwa maoni yangu, kushuka huko kuna mafunzo mengi kwa mwanafunzi kuliko ile asilimia 93, kwa sababu ndipo utafiti wenyewe unapoanza.

Kisha mwaka 2020 ukachapishwa utafiti mwingine, uliofanyika kwenye mashamba ya Kenya na Tanzania, kupima programu ya simu iliyotokana na kazi hii. Inaitwa PlantVillage Nuru, na mkulima anaweza kuitumia bila intaneti. Kwa kuangalia jani, Nuru ilipatia kwa asilimia 65, wakati maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Watafiti wakaonyesha pia kwamba mtu akichunguza majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, usahihi hupanda na kufikia kati ya asilimia 74 na 88. Ningependa kila mwanafunzi aitafakari namba hiyo ya majani sita. Usahihi uliongezeka bila mtu kununua kompyuta kubwa zaidi wala kubuni hesabu mpya. Uliongezeka kwa sababu watu walioujua muhogo walifahamu kwamba dalili hazijitokezi sawasawa kwenye kila jani, wakabadilisha namna ya kuuliza swali, na baada ya hapo wakapima kwa uangalifu kama mabadiliko hayo yamesaidia.

Sasa hebu tuhesabu ni watu wa fani gani walihitajika mpaka mkulima aweze kuelekeza simu kwenye jani. Kulikuwa na wataalamu wa magonjwa ya mimea waliojua picha ipi ni ya ugonjwa gani, waandishi wa programu, watu wa takwimu waliopanga majaribio ili yasije yakawadanganya, na watu waliokwenda vijijini kukaa na wakulima na kuona wanavyoitumia simu. Akili mnemba ya leo inaweza kumsaidia mwandishi wa programu kufanya kazi ya siku tatu kwa siku moja, nami sioni ubaya wake. Haiwezi kwenda Bagamoyo kupiga picha ya jani ambalo hakuna aliyelipiga picha.

Katika orodha hiyo kuna kazi moja inayodharauliwa, nayo ni ya kuainisha data, yaani kukaa mbele ya picha au maandishi na kuandika kila kimoja ni nini. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dunia ilisoma habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kupitia maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili mashine za kampuni za mbali zijifunze kuyakwepa, na wengine wao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza akili. Nchini Uganda, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao, NaCRRI, wakishirikiana na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, waliainisha picha zaidi ya 21,000 za muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao, na mkusanyiko huo ukatumiwa na watafiti wa nchi nyingi. Kitendo cha mkono ni kile kile cha kutazama na kuandika jina. Kinachotofautiana ni nani aliyeuliza swali, nani anayemiliki majibu, na kama aliyeainisha anahesabiwa kuwa mtaalamu au kibarua. Naliona jambo hili kuwa la msingi kabisa katika mazungumzo yetu kuhusu ajira za kompyuta, kwa sababu nchi inaweza kujivunia maelfu ya ajira za kidijitali huku vijana wake wote wakiwa upande wa kibarua.

Hasara ya kutokuwepo kwetu pale programu zinapotengenezwa inapimika. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, watafiti wawili wanawake weusi, walizijaribu programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake, wakitumia picha za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwa mojawapo. Katika programu moja, makosa kwa wanaume weupe yalikuwa asilimia 0.3, na kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Makosa hayo yalikuwa yakiuzwa sokoni, yakaonekana baada ya watu wawili wenye sababu ya kuuliza kuamua kuuliza.

Upande wa lugha nako kuna mlango ulio wazi. Tangu mwaka 2019 kundi la Masakhane limewakutanisha watafiti wa Kiafrika wanaotengeneza data na programu kwa ajili ya lugha zetu, Kiswahili kikiwemo, na mradi wa Common Voice umekuwa ukikusanya sauti za wasemaji wa kawaida wanaosoma sentensi za Kiswahili kwenye simu au kompyuta zao. Mwanafunzi aliyesoma isimu na fasihi ana nafasi kamili humo, kwa kuwa mashine inayosikiliza Kiswahili cha Unguja, cha Mombasa na cha Lubumbashi inahitaji mtu anayejua tofauti zao. Hata hivyo, kwa miaka mingi mfumo wetu umemwambia mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kwamba kompyuta ni ya wenzake wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Tanzania iliongeza tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, mwaka 2024 zikafika 65, nami nilifurahi, lakini orodha ndefu haitasaidia kama mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta hawajawahi kukaa meza moja.

Kuhusu yanayofundishwa, nitasema wazi. Bado kuna shule nyingi ambamo mwanafunzi anakariri sehemu za kompyuta kutoka ubaoni, kibodi ni hii, kipanya ni hiki, na anafaulu mtihani bila kuigusa mashine. Mwingine anayo bahati ya maabara, ila anafundishwa kuandika barua na kutengeneza majedwali tu. Kinachokosekana pande zote mbili ni takwimu na uwezekano vikifundishwa kwa data halisi, pamoja na mazoea ya kushuku jibu ambalo mashine imelitoa. Mwanafunzi mwenye mambo hayo mawili atajifunza lugha yoyote ya programu baadaye. Asiye nayo atabaki kunakili anachopewa, na huyo ndiye ambaye mzazi ana haki ya kumhofia.

Najua kuna wanaotamani teknolojia hii izuiwe kwanza mpaka tuielewe. Tumewahi kupita njia hiyo. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali kushindwa vibaya, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na vijana wa kizazi hicho walichelewa kuijua mashine hiyo. Hasira ya wakati ule ilikuwa na sababu ya kweli, kwani fedha nyingi zilikuwa zimepotea mikononi mwa wageni walioujua mfumo peke yao. Dawa yake ilikuwa kuwa na watu wetu wanaoujua.

Kwa anayemaliza shule sasa, sitamwahidi kwamba kuna kampuni inamsubiri kwa cheo cha mtafiti wa akili mnemba, maana nafasi hizo ni chache. Zipo nyingi zaidi katika benki, kampuni za simu, halmashauri na hospitali, mahali ambapo data zinakusanywa kila siku na wachache wanajua kuzisoma. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ulioanzia Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unatumika Tanzania na Kenya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kazi zake kwa muda mrefu. Anayetaka kwenda mbali zaidi kiutafiti atazame Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, Makerere, au mikutano ya watafiti wa akili mnemba wa Afrika iitwayo Deep Learning Indaba, iliyoanza Johannesburg mwaka 2017 na ambayo imewahi kufika Nairobi na Kigali.

Na kwa walimu wenzangu nina pendekezo ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Shule nyingi zina muhogo, mahindi au migomba ndani ya uzio wake. Mwalimu wa baiolojia na wa kompyuta wachague mmea mmoja, wawape wanafunzi simu mbili au tatu, wapige picha za majani asubuhi na mchana, kisha makundi mawili yaainishe picha zile zile bila kuonana na kuhesabu ni ngapi wametofautiana. Wakikuta wanabishana juu ya picha moja kati ya kila tano, wapewe ripoti ya Nuru ya mwaka 2020, ambayo inasomwa bure mtandaoni, walinganishe na yao, halafu waulizwe wangechunguza majani mangapi.