Kondoo wa Mwingereza ana ukoo ulioandikwa, wetu je?

Hapa Gloucestershire, Uingereza, mwanakondoo wa Cotswold wa asili huandikishwa: baba, mama, babu, tarehe, namba ya hereni. Inafurahisha, halafu inauma. Huko kwetu Kenya kondoo mwekundu wa Kimaasai anapotea zizi kwa zizi, na hakuna daftari la kuonyesha kwamba amepungua.

Najua mtakavyosema: "Kafika Ulaya, sasa anatufundisha kufuga." Hapana. Waingereza nao walizembea hadi baadhi ya mifugo yao ikatoweka kabisa. Shirika lao la kulinda mifugo adimu lilianzishwa 1973. Na ukoo wa mifugo sisi tunaujua. Muulize mama wa Kimaasai, atakutajia ng'ombe huyu katoka kwa nani na kwa mahari ya nani. Kundi la kondoo wekundu la ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Kapiti nchini Kenya linahifadhi damu, yaani uzao wao. Lakini maneno ya mama huyo kundi hilo halina. Hiyo ndiyo kazi ya mwanaanthropolojia: akae naye zizini wakati wa kukamua, aandike.

Simlaumu anayefuga Dorper, kondoo wa kigeni wa nyama. Ana mwili, mnadani analipa. Ila ukipandisha dume la Dorper kizazi hadi kizazi, mtoto ana nusu ya damu ya mwekundu, mjukuu robo, kitukuu thumuni. Kisha mvua zije, minyoo ya tumboni ichachamae. Funua kope la chini: likiwa jeupe badala ya jekundu, kondoo amenyonywa damu. Mwekundu hustahimili zaidi. Dorper anataka dawa, na dawa iko duka la mbali.

Wewe uliyebaki na majike 30 wekundu na dume mmoja, usijidanganye. Kwa hesabu ya damu, kwa kuwa watoto wote ni wa baba mmoja, kundi hilo ni kama wanyama 4 tu. Weka madume 5 wasio ndugu, utafika 17. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 8 hivi, na mimba ni miezi 5, kwa hiyo mwaka wa pili dume anawapanda binti zake. Badilishaneni madume na jirani kabla ya hapo. Dume asiyetakiwa afungwe ngozi tumboni asiweze kupanda, kama wazee walivyofanya.

"Daftari halilipi ada ya shule," mtasema. Halilipi, kweli. Lakini rangi peke yake si ushahidi, chotara naye huweza kuwa mwekundu. Andika mama, dume na zizi alikotoka, mwezi wa kuzaliwa. Dume asipojulikana, andika hajulikani. Usibuni.